Mkwe Aliyekaa Kwenye Kiti

Ifunda, Iringa
9 Februari 1975

Wifi yangu Atuganile,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na watoto, Timotheo na Damari. Sisi huku hatujambo kiasi. Tangu tumzike mama, nyumba hii tuliyohamishiwa kijijini inatupwaya, ingawa ni vyumba viwili tu na bado inavuja. Mahindi yamesimama vizuri. Tunamalizia ule unga wa njano wa serikali, na binti yangu Paskalina anasema akiuona tena atahamia Zambia. Baba mdogo Bartholomeo anakusalimu. Mguu wake umepona, mdomo wake haujapumzika.

Sasa wifi, nina jambo. Nimelikalia tangu msiba nikidhani litaondoka lenyewe, halikuondoka.

Siku ile ulikuja na basi la mchana, watu wakakupokea kwa kilio kama inavyopasa. Mimi ndiye niliyetangulia mbele, dada wa mumeo, mtoto mkubwa wa marehemu. Nilifungua mikono nikukumbatie. Ukanisukuma, wifi. Ulinisukuma kwa kiwiko mbele ya wanawake wote, na hapo nikagusa kitu chini ya nguo yako, kimefungwa na kukazwa kuzunguka kifua. Kisha tukakaa chini kwenye mikeka, wafiwa na wasio wafiwa, hata mke wa katekista ambaye mimba yake ilikuwa ya kujifungua wakati wowote. Wewe ukaomba kiti. Mama bado yumo ndani hajazikwa, mkwe wake amekaa kwenye kiti. Na togwa ilipopita, kata moja kwa watu wote, ukatoa kikapuni kikombe cha bati ulichotoka nacho Mbeya.

Mimi sisemi kitu. Watu ndio wanaosema. Shangazi anauliza ulikuwa umefunga nini kifuani. Anauliza pia mtu anakujaje na kikombe chake kwenye nyumba ya mumewe, isipokuwa anajua pana sumu, au anayo yeye. Nikawaambia wifi yangu ana sababu zake. Wakaniuliza sababu gani.

Nieleze, ili nijue namna ya kukusemea. Au namna ya kunyamaza.

Wako,
Esta

*

Mwanjelwa, Mbeya
2 Machi 1975

Dada Esta,

Ndaga kwa barua yako. Sisi wazima. Timotheo ameingia darasa la tatu na anasoma kwa sauti kila kitu anachokiona, hata maandishi ya kwenye gunia la chumvi. Damari ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Mvua ni ya kila siku, Mbeya imekuwa matope matupu. Nauza ndizi na maharage kidogo sokoni, tunasukuma siku.

Kuhusu hayo uliyoandika. Nilikuwa nimechoka na safari. Basi liliharibika Chimala, tukakaa juani mpaka mwili wote ukauma. Kiti niliomba kwa sababu ya baba mdogo Bartholomeo. Kwetu Wanyakyusa mke hakai mahali anapopita baba mkwe, na akimwona hujificha. Nilikaa nyuma, kando, nisimkosee heshima. Kikombe kilikuwa cha safari tu. Kifuani nilijifunga khanga kwa ajili ya baridi.

Nisalimie shangazi. Sikumdharau mtu. Mama yenu alinilea kama binti yake, nami nilimlilia njia nzima mpaka Makambako, wanaume ndani ya basi wakawa wanageuza nyuso.

Wewe unamwona ndugu yako Liberatus? Lori lao la mbao linapita hapa kwenda Tunduma kila wiki, lakini tangu msiba amelala nyumbani mara mbili. Anasema kazi zimezidi Mafinga. Kama anafika huko kwenu, nitashukuru ukiniambia.

Wifi yako,
Atuganile

*

Ifunda, Iringa
30 Machi 1975, Jumapili ya Pasaka

Wifi,

Pasaka njema kwako na watoto. Tumetoka kanisani sasa hivi, kuku yuko jikoni, na Paskalina amevaa viatu vinavyombana lakini anakataa kuvivua. Barua yako ilikaa parokiani siku nyingi kwa sababu katekista alikuwa kwenye semina na ufunguo wa kabati la barua alikwenda nao. Nimeisoma kwa taa, nikaisoma tena juani. Haikubadilika.

Baba mdogo Bartholomeo umempikia na kumpakulia tangu ulipoolewa. Mwaka juzi mlicheka naye jikoni mpaka ugali ukaungua. Leo ndipo umekumbuka kumkimbia? Na hiyo khanga ya baridi. Mstari mmoja unaniambia mlikaa juani mpaka mwili ukauma, mstari wa chini yake unasikia baridi. Wifi, ukitaka kunidanganya, panga kwanza.

Kuna mengine. Jailos, mtoto wa jirani yetu, ambaye ni utingo wa basi la Mbeya na amepanga chumba mtaani kwenu, anasema asubuhi mlango wako haufunguki mpaka jua liwe juu. Mchana anakukuta sokoni unapima maharage na kuzungumza na wateja kama kawaida. Anasema siku hizi huchoti maji mwenyewe, unamlipa mtu. Mtu akikupa mkono wa salamu unampa kifundo. Tangu lini mke wa dereva wa lori amekuwa bibi mkubwa?

Liberatus ni mtu mzima. Ana miguu na ana lori. Mimi sikai na kamba yake.

Sasa nisikilize vizuri. Ukoo utakaa baada ya mavuno. Shangazi anataka Liberatus aambiwe atafute mke mwingine, wa huku huku, anayekaa chini watu wakikaa chini. Na wewe urudi kwenu Tukuyu ukapumzike, ndivyo alivyosema, ukapumzike. Nakuandikia wewe kwanza kabla hayajawa maneno ya kikao. Una muda mpaka mavuno kunipa jibu la kweli.

Esta

*

Mwanjelwa, Mbeya
18 Mei 1975

Dada Esta,

Natumaini mko salama na mahindi yamekauka vizuri. Sisi tunaendelea. Damari ameota jino moja, limekaa upande. Timotheo anakuuliza kama yule mbuzi mwenye pembe moja bado yupo.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kalamu hainikai vidoleni. Barua hii naiandika mchana, kidogo kidogo, na leo ni siku ya tatu.

Naumwa. Ilianza majira ya baridi ya mwaka jana. Kwanza vidole, vya kulia na vya kushoto pamoja, vikavimba mpaka pete ya ndoa nikaitoa kwa sabuni. Halafu vifundo vya mikono, halafu magoti. Halafu kifua, hapa mbele, mbavu zinapokutana na mfupa wa katikati. Nikivuta pumzi ndefu panachoma. Nikipiga chafya naona giza. Mtu akinikumbatia, ni afadhali anipige kofi. Ndiyo maana nilikusukuma, dada. Kilio chako sikukikataa, ni mikono yako niliyoiogopa. Hicho ulichokigusa ni khanga tupu, naikaza ili mbavu zisitikisike. Kiti niliomba kwa sababu nikikaa mkekani wanahitajika watu wa kuniinua, na watu wakikuinua wanauliza.

Kikombe ni habari nyingine. Nilidhani ni kifua kikuu. Shangazi yangu kule Tukuyu alianza kwa kifua. Walimjengea kibanda kwenye migomba, chakula wanakiweka juu ya jiwe na kuondoka, watoto wake wakimsalimia kwa mbali. Alikufa na sahani yake. Nilikuwa mdogo, niliyaona yote, nikaapa mimi hawatanifanyia hivyo. Basi nikajitenga mwenyewe kwa siri, kikombe changu, sahani yangu, kitanda changu. Liberatus nilimwambia nalala na Damari kwa sababu mtoto anaota vibaya.

Barua yako ya Pasaka ilinitisha kuliko ugonjwa, nikaenda hospitali. Wakapiga picha ya kifua, wakapima makohozi. Daktari akanibonyeza kwa kidole kimoja pembeni ya mfupa, nikaruka kutoka kitandani. Akasema, "Mama, mapafu yako ni mazima. Ukuta ndio unaouma, nyumba haina neno." Ni baridi yabisi. Ile ile inayovimbisha vidole imeingia na kwenye viungo vya mbavu. Haiambukizi mtu. Ila haiponi kabisa. Amenipa aspirini za kunywa nikiwa nimekula, na asubuhi nitumbukize mikono kwenye maji ya moto. Asubuhi ndiyo mbaya, mwili wote unakuwa gogo. Mchana unalegea, na huyo wa mchana ndiye anayeonwa na Jailos.

Nilitoka pale nimefurahi, nikafika nyumbani nikalia.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Liberatus. Mwanamke asiyeweza kutwanga wala kushika jembe, mume asipate habari zake kikaoni. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, akija. Likizo ya Juni watoto wanakwenda kwa bibi yao Tukuyu, nipate kupumzika kidogo.

Wifi yako,
Atuganile

*

Ifunda, Iringa
8 Juni 1975

Wifi,

Barua imefika. Huku baridi imeanza na mavuno yanaendelea, mikono yangu imejaa makapi. Yule mbuzi tulimla Jumatatu ya Pasaka, usimwambie Timotheo.

Pole, kama pole ndiyo inayohitajika.

Baridi yabisi naijua. Bibi yetu alikuwa nayo, mzee asiye na jino hata moja, ikamkaa magotini mpaka anakufa. Wewe juzi juzi tu ulikuwa unanyonyesha. Na ya kifuani sijaisikia mimi, wala mke wa katekista ambaye ameishi na masista wa zahanati. Halafu ni ugonjwa gani huu unaojua saa? Asubuhi umelemaa, mchana unauza maharage. Vibarua wa mbao Mafinga wote wangependa kuugua hivyo, mapambazuko kitandani na mchana sokoni.

Labda ni kweli. Lakini mara ya kwanza ulinipa baba mkwe, basi bovu na baridi, vyote kwa mwandiko huo huo mzuri. Sasa unataka niamini huu wa leo. Unalala mbali na mumeo. Unamficha ugonjwa. Watoto unawaondoa nyumbani. Najumlisha tu, wifi, sijasema jibu.

Liberatus sijamwambia. Sikuahidi pia. Mimi naamini ninachokiona.

Esta

*

Mwanjelwa, Mbeya
24 Agosti 1975

Dada Esta,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu Juni. Watoto wamerudi kutoka Tukuyu wamenenepa kwa ndizi. Biashara ni ndogo. Baridi ya mwaka huu imetuonea, wakulima wa viazi wanalia.

Mwishoni mwa Julai Liberatus alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari ya kifua, nilikuwa nimepanga hata neno la kwanza. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba akatazama nyuma ya mlango, akatazama chini ya kitanda. Kisha akasema, "Asubuhi ya kuamkia Saba Saba ulikuwa na nani humu?"

Nikamwambia nilikuwa peke yangu, watoto walikuwa Tukuyu.

"Ndiyo," akasema. "Watoto walikuwa Tukuyu."

Akachukua koti lake na wembe wake, akaondoka. Neno langu la kwanza nimebaki nalo mdomoni mpaka leo. Madereva wenzake wanasema kuna msichana Mafinga anaitwa Roza, na kwamba watu wenu wameshapeleka jembe la posa kwao. Hukuniandikia hilo.

Nimeifikiria sana hiyo asubuhi. Baridi ilikuwa imegandisha umande. Mtu alibisha hodi nami niko kitandani. Sikuweza kuitikia kwa nguvu, maana kuita kunataka kifua, na asubuhi mimi kifua sina. Nikasema kwa pumzi tu, "Ngoja kidogo, usiondoke." Nikavuta kigoda nikiegemea, nasogea, nakivuta, nasogea. Komeo likanishinda kwa vidole, nikalisukuma kwa kiganja. Nilipofungua hapakuwa na mtu.

Jirani yangu Ng'washi, mama wa Kisukuma aliyehamia mjini kutoka Usangu, alikuwa anafagia nje. Alisema ni mwanamke mrefu, amejifunga kitambaa cheusi cha msiba kichwani, amekwenda upande wa stendi kwa hatua za hasira.

Wewe ni mrefu, dada Esta. Na kitambaa cha mama hutakivua mpaka mwaka uishe.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nakuuliza tu, sikutuhumu. Nimekata mstari huo kwa sababu ni uongo. Nakutuhumu. Nijibu.

Atuganile

*

Ifunda, Iringa
5 Septemba 1975

Atuganile,

Ni mimi.

Nilifika jioni ya siku iliyotangulia, nikalala kwa Jailos, ili nikukute asubuhi, hiyo asubuhi yako ya ugonjwa. Nilibisha. Nikasikia kitu kinaburutwa sakafuni. Nikasikia mtu ananong'ona usiondoke. Mwanamke aliye peke yake ndani ya nyumba ananong'ona usiondoke, nani asingejua? Ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa nimetoka Ifunda na jibu langu mfukoni, nilitaka mlango uniambie kwamba sijakosea. Sikungoja. Ng'washi anasema kweli, nilikwenda stendi kwa hasira, na moyoni nilikuwa nafurahi, nakwambia ukweli wote, nilifurahi kwa kuwa nilikuwa nimepatia.

Nilishuka Mafinga nikamwambia Liberatus. Sikumwambia nimesikia mnong'ono. Nilimwambia nimesikia mwanaume.

Kikao kikakaa, jembe likapelekwa kwa watu wa Roza. Mimi ndiye niliyelibeba.

Barua yako niliisoma shambani, nimesimama. Nilipofika kwenye hayo maneno uliyosema kitandani, nikakaa chini kwenye mabua. Hayo maneno sikumwambia mtu, hata Liberatus, hata padri. Niliyaona ni machafu. Hakuna aliyeweza kukupa uyaandike ila wewe uliyeyasema, na ulikuwa unaniambia mimi.

Nimekwenda kwa watu wa Roza nikalirudisha jembe. Wamenicheka, na mama yake amenitukana kwa Kihehe kile cha zamani. Baba mdogo nimemweleza, ameinamisha kichwa, mara ya kwanza hakuwa na neno. Shangazi anasema umeniroga. Ataendelea kusema hivyo, tumwache.

Liberatus nimemwambia yote, mbele ya lori lake, wapakiaji wakisikia. Kifua, vidole, kigoda, kiganja kwenye komeo. Nimemwambia hapakuwa na mwanaume, palikuwa na dada yake nje na mkewe ndani. Alisikiliza akilitazama tairi la mbele. Akapanda, akawasha, akaondoka. Kwa watu wa Roza ni njia hiyo hiyo ya kwenda Mbeya, kwa hiyo sijui amekwenda wapi.

Nina aibu. Usinisamehe kwa barua, barua ni rahisi mno.

Esta

*

Mwanjelwa, Mbeya
21 Septemba 1975

Dada Esta,

Watoto wazima. Baridi imepungua na vidole vimenilegea kidogo, unaona hata mwandiko.

Nimekasirika nawe. Nitaendelea kukasirika mpaka Krismasi, na kabla ya hapo usije. Nililala nikihesabu yale uliyomwambia mume wangu, na yale uliyonificha, na nikakutukana kwa Kinyakyusa chote ninachokijua. Ukija Krismasi utalala hapa hapa kwangu, uamke asubuhi kabla yangu, unione.

Nikupe habari moja, kwa sababu nadhani nawe hulali.

Jumanne alfajiri lori lilisimama barabarani. Nikasikia hodi. Sauti niliijua. Nikajibu kwa pumzi ile ile, ngoja kidogo. Timotheo aliamka akataka kukimbilia mlango, nikamshika shati nikamrudisha kitandani. Nikamwambia alale.

Kisha nikainuka. Nilivaa gauni polepole, nikafunga vifungo vyote, na vile vya mgongoni ambavyo huwa naviacha. Nikakunja shuka. Nikanywa maji. Nikakaa tena ukingoni mwa kitanda bila kazi yoyote, nikisikiliza. Siku hiyo ningeweza kufika mlangoni mapema zaidi, magoti yalikuwa na nafuu. Nakwambia wewe tu, na wewe utaelewa. Nilichelewa kwa makusudi. Hakuna gari lililowashwa. Hakuna hatua iliyoondoka.

Nilipofungua alikuwa bado amesimama pale.

Wifi yako,
Atuganile